Abiria wa Siku ya Nne

Duka la dawa lilikuwa limejaa hadi mlangoni siku ile kijana mmoja mrefu, mwenye koti la bluu la mifuko mingi, alipojipenyeza mpaka kaunta na kuomba vidonge sitini vya maumivu ya kichwa.

"Sitini?" Mfamasia alimkazia macho. "Una vichwa vingapi, kaka?"

Foleni ikaangua kicheko. Kijana wala hakununa.

"Kumi na vinne, dada. Ni abiria wangu. Nawatembeza milimani, juu kabisa, kule hewa inakuwa haba na vichwa vinagonga. Wewe umeshafika?"

"Nifike saa ngapi, na mimi kutwa niko hapa?"

"Basi omba likizo. Mie wananiita Gia Moja. Ukiona ninavyoendesha kule juu, utajua kwa nini."

Mapenzi, ndugu zangu, hayapigi hodi. Mwezi haujaisha, binti yule wa duka la dawa alikuwa kiti cha mbele cha basi dogo la watalii, gauni la kijani, sweta mbili juu yake, macho yamemtoka. Barabara ilipanda ikijikunja ubavuni mwa mlima. Miti ikaisha, nyasi nazo zikaisha, yakabaki mawe na theluji kwa mbali. Walipita kibanda kimoja cha wachungaji, kisha saa nzima wasione mtu. Kwenye kona ya mwisho, dirisha lake likatazamana na bonde ambalo mwisho wake hauonekani. Akafumba macho, midomo imemkauka.

"Usifumbe," Gia Moja akamwambia taratibu. "Nitazame mimi. Bonde liache, lina shughuli zake. Mimi nipo."

Akamtazama. Hapo ndipo alipokwisha, maskini.

Waliporudi mjini, simu za Gia Moja zikaanza, naye mfamasia akabatizwa Daktari.

"Daktari, umelalaje? Kichwa?"

"Kichwa kizima. Moyo ndio sijui."

"Loo! Huo sina vidonge vyake."

"Muuza vidonge ni mimi. Wewe kazi yako kuniletea wagonjwa."

Wakapigiana hivyo kila jioni, miezi saba. Gia Moja akiwa safarini alisimamisha gari popote penye mtandao, abiria wakidhani anawapa nafasi ya kupiga picha. Hatimaye akasema anataka kutuma wazee kuleta posa.

Baba wa binti si mtu wa kukurupuka. Akamwita dada yake.

"Panda hilo basi lake pamoja na binti. Mtu hujulikana kazini. Ukisema ndiyo, waje. Ukisema hapana, yameisha."

Basi shangazi akapanda, kilemba cha njano, mkoba kifuani, akakaa kiti cha mbele kama hakimu. Binti akakaa nyuma yake. Safari nzima shangazi alikagua: anavyopiga honi kabla ya kona, anavyowapisha wenye mizigo, anavyouliza kila kituo nani kichwa kinamuuma. Alikuwa ameshaanza kutabasamu walipofika kona ya mwisho.

"Mama yangu weee!" Shangazi akajifunika uso.

"Usijifunike, mama. Nitazame mimi. Bonde liache, lina shughuli zake. Mimi nipo."

Binti akamkodolea Gia Moja macho kiooni. Neno kwa neno!

"Usihofu, mama," mwalimu mmoja mstaafu akadakia kutoka kiti cha nyuma. "Hayo anatuambia wote. Mimi hii safari yangu ya tatu, na upara wangu huu nami aliniambia nimtazame!"

Basi zima likacheka, isipokuwa mtu mmoja.

Juu kabisa palikuwa na nyumba ya mawe ya kupumzikia. Abiria wakaingia kunywa chai. Gia Moja akamkuta mpenzi wake nje ukutani, upepo unampeperusha mtandio, macho mekundu.

"Mpenzi, mbona umenuna?"

"Usiniite mpenzi. Au na hilo unawaita wote?"

"Nimekosa nini?"

"Maneno yale nimeyalalia na kuyaamkia miezi saba. Nilidhani ni yangu. Kumbe hata wenye upara wanayo!"

Gia Moja akakuna kichwa. Kudanganya angeweza, na pengine angefanikiwa.

"Ni ya kazi," akasema. "Tunafundishwa kozini. Siku ile ulibadilika rangi, nikaogopa utazimia. Hata zile simu za mwanzo ni za kazi. Mtu akishuka huku tunatakiwa tumjulie hali siku tatu."

"Ala! Makubwa haya."

"Siku tatu, Daktari. Ya nne hakuna aliyenituma. Nilizunguka na simu mkononi kama nusu saa."

Binti akaukaza mtandio. "Basi niambie kitu ambacho hujamwambia abiria yeyote. Kimoja tu. La sivyo nikishuka hapa, shangazi ampelekee baba hapana."

Gia Moja alitazama barabara waliyopanda nayo.

"Ile kona naiogopa," akasema polepole. "Miaka tisa sasa. Usiku wa kuamkia safari silali. Dereva akisema hivyo nani atapanda gari lake? Hata mama yangu hajui."

"Unaogopa? Wewe? Sasa mbona unatuambia tukutazame?"

"Mkitazama uso wangu, hamtazami mikono."

Binti akaishika ile mikono. Ilikuwa ya baridi, na bado inatetemeka. Akaibana kifuani mwake mpaka ikatulia. Alimpenda mtu huyu kupita alivyompenda asubuhi, na akamwambia hivyo hivyo.

Kumbe juu ya vichwa vyao dirisha lilikuwa wazi, na shangazi yuko pale na kikombe chake.

Walipoteremka mpaka mtandao ukarudi, shangazi akapiga simu bila hata kupunguza sauti.

"Kaka, nimemwona. Gari analijua. Ila ni mwoga... Ndiyo, mwoga, kakiri kwa mdomo wake mwenyewe. Kamwambia binti yako peke yake... Usinikatize! Marehemu mume wangu nilikaa naye miaka thelathini na moja, nikamzika sijui alikuwa anaogopa nini. Waambie wazee waje."

Akakata simu, akageukia dirishani, akafuta macho kwa ncha ya kilemba.