Nguo ya Kuketi Mkekani

Huku kwetu Mjambere, asubuhi yangu huanza na mbaazi na mahamri. Mimi hupika, mjukuu wangu Josephine huuza hapo mlangoni. Josephine ana cheti cha kufundisha watoto wadogo. Miaka miwili sasa cheti hicho kimelala sandukuni.

Jumatano moja simu yake ikalia. Akasikiliza, kisha akaruka.

"Hawe, nimeitwa! Kesho saa tatu, shule ya chekechea kule Mishomoroni. Wanataka mwalimu mmoja tu."

Hawe ni bibi kwa Kigiriama. Nilipiga vigelegele mpaka mbaazi zikashika chini.

Nikafungua sanduku langu. Humo nilikuwa nimeficha sketi nyeusi ya kubana, na koti lake. Nilizinunua sokoni Kongowea nikiwaza siku hii. Mimi niliamini hivi: nguo ya kuombea kazi isifanane na nguo ya kazi. Ukionekana mtu wa kuinama, utainamishwa.

Josephine akavaa. Akatia na viatu virefu, na hereni kubwa kama bangili.

"Mwangalie!" nikasema. "Kama karani wa benki."

Mara hodi mlangoni. Ni jirani yetu, Mama Valarie, amekuja kununua mbaazi. Yeye ni mpishi wa chekechea nyingine, pale Magogoni. Ameona walimu wengi wakija kuomba kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu mtazame mwalimu wetu!"

Mama Valarie akamzunguka Josephine. "Umependeza kweli. Haya, keti."

Josephine akavuta kiti.

"Si hapo. Mkekani. Utawafundisha watoto ukiwa juu kama jogoo wa paa?"

Josephine akakunja goti moja. La pili likakataa. Akajaribu kwa ubavu. Prrr! Mshono wa nyuma ukaachia mpaka kiunoni.

Mama Valarie akacheka hadi akashika ukuta. "Mungu ashukuriwe, imepasukia hapa!"

Mimi sikucheka. "Hiyo ilikuwa nguo ya heshima," nikasema. "Au aende na gauni la kuuzia mbaazi, linuke vitunguu?"

"La, mama. Heshima ni nguo safi, iliyonyooka, inayomtosha. Angekuwa anaomba kazi ya ofisini, suti ingemfaa. Lakini kwetu chekechea, mtu hupelekwa darasani kwanza. Mwalimu mkuu anatazama: mtoto akianguka, huyu atamwinua?"

Akamgeukia Josephine. "Jiulize, huko nitafanya kazi gani? Kisha ijaribu nguo hapa nyumbani. Keti, inama, inua mikono. Na hizo hereni ziache, mtoto atazivuta. Na hizo kucha ndefu zitamkwaruza."

"Na manukato?" Josephine akauliza.

"Oga tu, mwanangu. Inatosha."

Josephine akatoa gauni lake la samawati la kanisani, pana, linalofunika magoti. Akaketi mkekani. Akainama. Akainua mikono. Gauni halikulalamika. Tukalifua, likakauka jua likiwa bado juu, nami nikalipiga pasi mwenyewe. Yeye akakata kucha, akapaka rangi viatu vyake vya chini.

Kesho yake aliondoka mapema. Mimi nikabaki na sufuria. Kila mteja aliniuliza, "Bado?" Bado.

Alirudi mchana. Begani mwa lile gauni mna doa la uji, kubwa kama kiganja!

"Maskini mjukuu wangu! Nani amekuchafua? Watakuchukuaje hivyo?"

"Hawe, tulia. Walinipeleka darasani. Kulikuwa na mtoto analia, uji umemjaa mikononi. Nikaketi mkekani, nikamchukua. Akalala hapa begani. Maswali yote nimeyajibu akiwa amelala. Hata mwalimu mkuu aliniuliza kwa kunong'ona, asimwamshe."

"Na kazi?"

"Naanza Jumatatu."

Vigelegele vyangu Mama Valarie alivisikia kwake, akaja mbio, mwiko mkononi.

Ile sketi niliikata. Sasa naishikia sufuria ya moto ya mbaazi, na kwa kazi hiyo inafaa sana.