Kiambatisho cha Tatu

"Rasimu yangu umempa nani?"

"Mimi? Bibi Tanbihi, umeanza vituko vyako!" Msuluhishi alicheka, lakini kicheko kilimkaukia mdomoni.

Walikuwa koridoni. Zilibaki dakika kumi binti aingie ukumbini kutetea tasnifu yake ya uzamili wa sheria ya uchumi wa kimataifa na maendeleo. Wenzao walimwita Bibi Tanbihi kwa sababu, walisema, hata salamu yake ina chanzo chini ya ukurasa. Msuluhishi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa kila ubishi wa darasani aliumaliza yeye, alikuwa mchumba wake, posa ilikwishapokelewa.

Binti alimkunjulia barua. Mawakili wa kampuni ya mgodi walitaka tasnifu izuiwe, kwa kuwa kiambatisho chake cha tatu ni mkataba wa siri: kwa miaka thelathini, serikali ikitunga sheria yoyote ya kulinda maji, itailipa kampuni fidia.

"Wamenukuu kifungu cha ishirini na mbili. Mkatabani ni cha ishirini na saba. Kosa ni langu. Nililiandika Jumapili, nikalisahihisha Jumatatu. Rasimu ya Jumapili uliisoma wewe peke yako."

Msuluhishi akatazama viatu vyake.

"Wamenipa kazi, mpenzi. Na yako ipo. Toa kiambatisho tu, tuoane, tuishi."

"Kumbe hukuwa unanipenda. Ulikuwa unanisoma!"

"Nimekuokoa! Wanajua mkataba ulitoka kwa nani."

Siri ile alimpa mtu mmoja tu.

"Nani kawaambia?"

Msuluhishi akarekebisha tai yake.

Simu ikaita. Alikuwa mjomba wake, mtunza kumbukumbu wa wizara, aliyemlea tangu akiwa darasa la kwanza.

"Mpwa wangu, kuna mabwana wawili hapa masijala. Wanataka funguo za kabati. Nimewakaribisha viti, wamekataa kukaa."

"Mjomba, nisamehe. Naiondoa tasnifu sasa hivi."

"Uiondoe ili iweje? Jina langu limeshatajwa gizani, mama. Wewe litaje mwangani. Mtu anayejulikana na wengi hapotei kimya kimya."

Kiti kikaburuzwa huko, sauti ngeni ikasema jambo, simu ikakatika.

Mlango ukafunguliwa. "Mtahiniwa, karibu."

Msuluhishi akamdaka kiwiko. "Ukiingia na kiambatisho kile, mimi na wewe basi!"

"Mimi na wewe tuliisha Jumapili. Ila hukuniaga."

Akajichomoa, akaingia. Ukumbi ulijaa walimu na wanafunzi. Safu ya mbele walikaa mawakili wawili wa kampuni, kalamu mkononi. Sauti haikutetemeka.

"Kabla sijaanza, namshukuru aliyenipa kiambatisho cha tatu."

Akalitaja jina kamili la mjomba wake, yote matatu, polepole.

"Sasa hivi yuko masijala ya wizara na wageni wawili wasiotaka kukaa. Asipofika nyumbani leo, ukumbi mzima ni shahidi."

Akalirudia jina, mpaka kalamu ya mwisho ukumbini ikaliandika.