Mlango wa Tatu

Kosa la fundi mitandao lilikuwa mapenzi tu, jamani. Ruta mpya ya kuunganishia mitandao ya ofisini kwao, aliyokuwa akiiandaa mezani pale sebuleni, aliipa jina la utani la bintiye: Kipusa.

Ruta nazo zina adabu zao. Moja hupiga hodi kwa jina la mwenzake, na taa ya mlango wake, tundu la kuchomekea waya, hupepesa. Mwenzake akijibu, taa inatulia, ujirani umeungwa. Ngazi ya kwanza ni ujirani wa ndani, ya pili ni wa kuunganisha na nje. Fundi alikuwa ameacha ngazi zote mbili wazi, tena bila nywila, akijiambia atarekebisha baada ya chakula.

Aliporudi, taa ya mlango wa tatu ilikuwa ikipepesa. Mlango huo haukuwa na waya.

Akachungulia tundu. Tupu, ila palitoka harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa asubuhi hiyo. Akajichekesha, akafunga ngazi ya pili haraka haraka ili huyo mbishaji abaki nje. Kwenye skrini, hodi ikahamia ngazi ya kwanza. Hapo akaelewa: alikuwa amefunga lango, mgeni keshaingia.

Mama yake, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi, aliacha kukunja. Alikuwa ameinusa ile harufu.

"Anamwita nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kipusa."

"Mtoto asiitike, mwanangu. Kamzibe masikio."

Fundi aling'oa waya wa umeme wa ruta, na taa zake zote zikazimika isipokuwa ile moja, iliyozidi kupepesa huku yeye akikimbia ukumbini akijigonga ukutani, na ile harufu ikimtangulia, nzito, ya baridi, hadi mlangoni pa chumba alimomlaza mwanawe mchana ule na ambamo sasa, kutoka ndani ya ukuta, sauti iliyofanana na yake mwenyewe ilikuwa ikiita taratibu, kwa upole, kama anavyoita yeye.

Kipusa alikuwa ameketi kitandani, uso ukutani. Fundi alimrukia, mikono mbele.

"Abee, mama," mtoto akaitika, kwa adabu aliyofunzwa.

Sebuleni, bibi aliiona taa ya mlango wa tatu ikitulia.