Vyote Viwili Vinafanya Kazi

Siku ya mnada Karatu hufurika watu hadi magari ya watalii yanayopanda Ngorongoro yanalazimika kutambaa. Siku hiyo vumbi jekundu lilikuwa limewapanda watu mpaka magotini, wauza mitumba walipiga kelele kuwashinda mbuzi, na moshi wa nyama choma ulitanda juu ya wote. Haruna alikuwa ametumwa na mama yake akatafute mbuzi wa akika ya mtoto wa dada yake. Mambo ya mbuzi hakuyajua hata kidogo. Alikuwa amemshika beberu mmoja masikio, anajifanya kukagua, aliposikia sauti ya mwanamke ikiitukana kompyuta kwa Kimaasai.

Mwanamke huyo alikuwa amesimama nyuma ya pikapu, amevaa koti la kijani la maafisa mifugo na buti za mpira, shanga nyeupe na bluu zikining'inia masikioni. Mbele yake palikuwa na laptopu nene ya kizamani, waya wake ukienda hadi kwenye kipimo cha ultrasaundi alichokishika mkononi. Ng'ombe aliyebanwa kati ya nguzo alikuwa akimtazama kwa uchovu. Kioo kilikuwa cheusi tii.

"Dada, tatizo si ng'ombe," Haruna akasema.

"Hilo najua. Wewe nani?"

"Naitwa Haruna. Nina duka la kompyuta kule karibu na msikiti. Naandika draiva."

"Unaandika dereva?" Alimpandisha na kumshusha kwa macho, kuanzia kofia yake ya darizi hadi viatu vilivyojaa vumbi. "Karatu hii kila kijana ni dereva, lakini dereva wa kuandika ndiyo kwanza namsikia."

Haruna alicheka, akamwachia yule beberu. "Draiva. Ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na chipu yake ya picha. Programu ya juu ikisema 'chora', draiva ndiyo inayojua chipu hii inachora vipi. Chipu yako ni ya zamani, walioitengeneza wameshaisahau. Tumebaki wachache duniani tunaoihangaikia, tunaandikiana tu kwenye mtandao."

"Kwa nini mnahangaika nayo?"

"Kwa sababu bado inafanya kazi."

Jibu hilo lilimpendeza, Haruna aliona. Akajitambulisha: Resiato, afisa mifugo, kituo chake Sale, mbali kule chini ya Loliondo. Mashine ile walipewa na wafadhili, nayo laptopu ilikuja imeshatumika. Programu mpya ya kupimia mimba iligoma kabisa kuwaka juu yake.

Haruna aliondoka mnadani na laptopu badala ya mbuzi, na mama yake, Bi Mwamini, alimsema kwa hilo mpaka wiki ikaisha.

Ugonjwa aliuona mapema. Ile programu ilihitaji viongezo viwili ambavyo draiva ya zamani haikuwa navyo. Kimoja kilichukua picha moja kwa moja kutoka kwenye kipimo na kuipeleka kwenye kioo. Kingine kiliipaka rangi damu inayotembea, ili moyo wa ndama tumboni uonekane ukipiga. Haruna akakaa navyo. Kila alipopiga hatua alikuwa na sababu ya kupiga simu, na hata alipokosa hatua hakukosa sababu.

"Daktari, umeamkaje?"

"Nimeamka na ng'ombe, Dereva. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Leo amefungua jicho moja."

"Na wewe umekula? Sauti yako ni ya mtu aliyekunywa chai tupu."

"Unanijuaje hivyo?"

"Nimezoea wagonjwa wasiosema," alisema Resiato, na Haruna akabaki ameshika simu muda mrefu baada ya mtandao kukatika.

Resiato alipokuja kuichukua laptopu hakuwa na koti la kijani. Alivaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa lililomkaa sawasawa, na shuka jekundu begani kwa ajili ya baridi ya Karatu. Duka zima likamezwa na rangi yake. Haruna alimwaga chai kwenye kibodi ya mteja.

"Vipi?" Resiato aliuliza, akiigusa laptopu. "Kile cha picha na kile cha rangi?"

"Vyote viwili vinafanya kazi," Haruna alijibu, kifua mbele.

Lilikuwa neno la kweli. Cha picha alikuwa amekijaribu, kikafanya kazi. Cha rangi alikuwa amekijaribu, kikafanya kazi. Kuvijaribu vikiwa vimewashwa pamoja hakukumjia akilini, maana siku ile akili yake yote ilikuwa kwenye kitenge cha rangi ya machungwa.

Waliagana kituo cha mabasi. Alipokuwa anapanda gari Resiato alimshika kiwiko, akasema kwa sauti ndogo, "Njoo Sale, mpenzi. Uone kazi yako inavyotumika." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Simu iliyofuata haikuanza na Dereva wala mpenzi.

"Haruna. Ulisema vyote viwili vinafanya kazi."

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Kuna mzee hapa, Mzee Olais. Alitaka kuchinja ng'ombe kwa sherehe ya mwanawe Saruni, akaniita kwanza nimpime asije akawa na mimba. Picha na rangi vyote vilikuwa vimewashwa, nikaona tumbo tupu. Nikamwambia achinje." Nyuma yake upepo ulikuwa unavuma. "Walipompasua nilikuwa nimesimama palepale. Ndama alikuwemo."

Haruna alikaa kwenye kiti. "Resiato..."

"Ile picha ilikuwa ya ng'ombe niliyempima kabla yake. Ilibaki kwenye kioo, rangi zikicheza juu yake kama kitu kilicho hai. Kwa nini hukuniambia haviendi pamoja?"

"Hukuniuliza kama vinaenda pamoja. Nilikwambia kila kimoja..."

"Hukusema kila kimoja!"

"Lakini nilichosema ni kweli!"

Alijua, neno likiwa bado mdomoni, kwamba ameharibu. Resiato hakupiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Wanawake wenzangu hapa ndio walionisimamia mpaka wazee wakakubali niguse ng'ombe wao. Sasa wazee wanarudia kusema walichosema zamani, kwamba hii si kazi ya mwanamke. Baki na kweli yako." Akakata.

Haruna alipiga tena, na tena. Haikupokelewa. Alikasirika, kisha akajitetea kimoyomoyo, akawaandikia wenzake wa mtandaoni kuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuwasha viongezo vile viwili pamoja kwenye chipu ile. Jibu lilikuwa moja: hakuna. Kila mtu alijaribu chake, akaandika kwamba kinafanya kazi. Aliposoma hivyo hasira zikamwisha, kikabaki kitu kizito zaidi. Kesho yake alifunga duka, akashuka Mto wa Mbu kupanda basi la Loliondo.

Basi lilipita Engaresero, mlima wa Lengai ukiwa umesimama peke yake na kilele chake cheupe, likapanda ukuta wa bonde likinguruma. Njiani Haruna alijaribu kupanga maneno, kila aliloliona zuri akaliacha. Alipofika kituoni Sale alimkuta Resiato akiosha buti kwenye ndoo.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kuona kazi yangu inavyotumika," alisema. "Nilisema maneno ambayo ungeyaelewa vile ulivyoyaelewa. Mtu yeyote angeyaelewa hivyo. Sikujaribu vyote pamoja, na sikukwambia kwamba sikujaribu."

Resiato aliendelea kuosha buti ya pili. "Na mimi nina langu," alisema mwishowe. "Mkono wangu ulihisi kitu tumboni mwa yule ng'ombe. Nikaona kioo kinasema hakuna, nikauacha mkono wangu nikaamini kioo. Hilo sikukwambia kwenye simu."

Alikausha mikono, akaenda kuleta laptopu.

Walifanya kazi barazani, umeme wa jua ukitosha mchana tu. Resiato alitia kipimo kwenye ndoo ya maji na kutembeza mkono mbele yake, Haruna akitazama kioo. Picha ilienda vizuri. Wakawasha rangi, ikaenda vizuri. Walirudia mpaka Haruna akaanza kukata tamaa.

"Ngoja," Resiato alisema. "Siku ile sikuizima rangi nilipotoka kwa ng'ombe wa kwanza. Nilihama nayo ikiwa imewashwa."

Alitoa kipimo kwenye ndoo, akakiingiza kwenye sufuria ya maji. Kwenye kioo ndoo ilibaki vilevile, na rangi nyekundu na bluu zikapita juu yake kwa uzuri wa kutisha.

Sasa Haruna alielewa. Chipu ile ilikuwa na chumba kimoja tu kidogo cha kuwekea picha kabla ya kuionyesha. Kwenye chipu mpya kila kiongezo kina chumba chake, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuliza nani aingie kwanza. Hapa, rangi ilipokuwa ndani, picha mpya ilikosa nafasi ya kuingia, na ya zamani ikabaki machoni mwa watu. Akaandika upya sehemu ile viongezo viingie kwa zamu, kimoja kikisubiri kingine. Picha ikawa nzito, inakwenda kwa kurukaruka.

"Itakuwa ya polepole," alisema. "Haraka zaidi ya hapo chipu hii haiwezi. Na nimeongeza jambo: picha ikikwama, kioo kinazimika."

"Kinakuwa cheusi kabisa?"

"Cheusi. Ujue kwamba hujui."

Resiato alimtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Haruna afike. "Hiyo ungeanza nayo, Dereva."

Kwa Mzee Olais walikwenda pamoja. Mzee alikuwa kwenye zizi, fimbo kwapani. Haruna aliinamisha kichwa. "Shikamoo, baba. Mimi ndiye niliyetengeneza ile mashine. Binti yako alisoma alichoonyeshwa. Kosa la picha ni langu."

"Ndama alikuwa jike," mzee akasema. Kisha akaelekeza fimbo kwa ng'ombe mweusi. "Mpime huyo. Lakini binti, kwanza mkono wako. Hiyo redio yenu baadaye."

Resiato alipima kwa mkono, akafumba macho. "Ana mimba," alisema. Ndipo akawasha kioo. Picha ilikuja kwa kurukaruka, polepole, na katikati yake kitone chekundu kilifumba na kufumbua. Wanawake waliokuwa wamesimama ng'ambo ya ua wa miiba walisogea kuona. Mzee Olais naye aliinama, akatazama kwa muda. Alipoinuka aliita wamletee ng'ombe mwingine.

Jioni kabla jua halijazama Resiato alimpeleka Haruna kwenye kilima ambako mtandao hushika. Alijifunga shuka, akakaa juu ya jiwe.

"Haruna, mimi ni Mlutheri. Sitabadili."

"Sijakuomba."

"Mama yako ataniomba."

"Ataomba. Na baba yako?"

"Atauliza una ng'ombe wangapi."

"Nina kompyuta."

Resiato alicheka, kisha akawa makini tena. "Sitaki tufichane halafu tuseme tutaona mbele ya safari. Kama kuna litakalotushinda, nilijue leo."

Haruna alitoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo, mama. Nataka kuoa. Anaitwa Resiato, ni Mmaasai wa Sale, daktari wa ng'ombe. Ni Mkristo, na hatabadili dini. Nakwambia yote mara moja."

Resiato alishika mkono wa Haruna akaubana. Walisikia redio ikipunguzwa sauti kule Karatu, na mlango ukifungwa.

"Ndiye yule wa kitenge aliyekuja dukani?" Bi Mwamini akauliza.

"Ndiye, mama."

"Jambo hili ni zito, Haruna. Sitasema ndiyo kwenye simu, wala sitasema hapana. Mjomba wako atapinga. Hata mimi nitalia kidogo." Akavuta pumzi. "Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Resiato aliipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uje Ijumaa tuzungumze, wewe na mimi, bila huyo. Samaki unakula?"

Resiato alimtazama Haruna, akatazama mbuga iliyokuwa inaingia giza. "Hapana, mama," alisema. "Sijawahi kula samaki."

"Haya," alisema Bi Mwamini. "Basi nitapika kuku."