Upindo wa Gauni la Peres

Kila jioni Peres alifagia mabaki ya vitambaa chini ya cherehani ya babake. Fundi Oloo alikuwa akishona yunifomu pale mtaani Kabiria tangu mwaka wa uhuru, na kila Januari kina mama walijaa mlangoni. Januari hiyo ya 1973 benchi la wateja lilikuwa tupu. Duka jipya lilikuwa limefunguliwa mtaa jirani wa Kawangware, likiuza nguo za kiwandani kwa bei nafuu.

"Shule zikifunguliwa tukiwa hivi," baba alimwambia mama, "nitafunga chumba hiki nikatafute kibarua huko viwandani."

Peres aliyasikia hayo. Kesho yake alisimama kando ya barabara, akimwambia kila mama aliyepita kwamba nguo za Kawangware huoza zikinyeshewa. Uongo mtupu, hata duka lenyewe hakuwa amelikanyaga. Jirani yao Virginia, muuza mboga, akamshika mkono akamfikisha kwa babake.

"Fundi, huyu msichana yako anaharibia watu jina," alisema.

Oloo akasimamisha cherehani. Peres alirithi jina la nyanya yake, mamake Oloo, ndiyo maana babake alimwita Mama hata alipokasirika.

"Mama, umeziona hizo nguo zikioza?"

"La, Baba."

"Basi usiseme. Ukimpaka mwenzako matope, mikono yako ndiyo inayochafuka kwanza."

"Sasa sisi tuseme nini, Baba?"

"Tusiseme kitu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Methali ni tamu, lakini wiki ile haikuwa imeleta mteja hata mmoja. Peres alitaka kunyamaza kama mtoto mwenye adabu, mdomo ukakataa.

"Samahani, Baba. Watajuaje ni kizuri, na uzuri wenyewe umeufichia ndani?" Akainama, akageuza upindo wa gauni lake la shule. Juu yake palionekana mistari miwili iliyopauka. "Ulinishonea hili nikiwa darasa la nne. Nimekua, umeukunjua upindo mara mbili, na bado kitambaa kimebaki. Nani anajua?"

Virginia akasogea, akaupima upindo kwa vidole. "Kumbe? Na mimi nanunulia msichana yangu Nyokabi gauni kila mwaka. Fundi, hii maneno mbona hujawahi kuniambia?"

Oloo akajikuna kichwa. Kwake yeye, kuacha upindo mpana kulikuwa ndiko kushona. Hakuwahi kufikiri ni jambo la kutangaza. Peres akaomba gauni lile litundikwe mlangoni watu walione, lakini kutundika nguo kuukuu mlangoni mwa fundi kulikuwa aibu. Oloo alisitasita sana kabla ya kukubali.

Asubuhi iliyofuata gauni lile lilining'inia mlangoni, upindo ukiwa umegeuzwa nje. Peres, katika nguo zake za nyumbani, alieleza kila aliyesimama: "Mtoto akikua, mlete. Fundi atakunjua upindo bila malipo."

"Na ya Kawangware je?" mama mmoja akauliza.

"Ya Kawangware ni rahisi kuliko yetu," Peres akajibu. "Ukitaka ya mwaka mmoja, kanunue kule."

Oloo alikaribia kujichoma sindano. Yule mama akacheka, akaketi. "Mtoto asiyenidanganya bei hatanidanganya nguo," akasema. "Fundi, pima huyu wangu."

Kabla shule hazijafunguliwa, benchi lilijaa hadi wengine wakasimama nje, na habari za kufunga chumba hazikusikika tena. Oloo akaweka futi ya kupimia shingoni, akamwita bintiye mbele ya wateja wote. Hakuificha furaha yake.

"Nilidhani kunyamaza ni heshima," alisema. "Kumbe kazi nzuri isiyosemwa hujulikana na fundi peke yake. Mama, mikono yangu ilishona, lakini kinywa chako ndicho kilichowaleta watu hawa. Kipe ukweli tu, usikipe kitu kingine."

"Ndiyo, Baba," Peres akasema, kifua mbele, akamwita mteja aliyefuata.