Kadi za Saa Kumi na Moja

Kila siku nikitoka shule nilipitia kazini kwa mama kuchukua ufunguo. Mama ni dobi. Si dobi wa beseni na kamba ya uani, la. Yeye hufanya kazi kwenye jengo kubwa la kufulia, ambako mashuka ya hoteli huingia machafu asubuhi na kutoka yamenyooka jioni. Ukifika mlangoni, joto hukupokea kabla mtu hajakuambia karibu.

Pale mlangoni nilikuwa nikiona jambo ambalo wote waliliona la kawaida. Kengele ya saa kumi na moja jioni ikilia, kina mama wenzake walimkabidhi mama yangu kadi zao za saa za kazi. Alizipanga kiganjani kama mcheza karata, akaenda kwenye mashine iliyokuwa ukutani, akazipiga moja baada ya nyingine. Kila kadi ilitoka na muhuri wa saa kumi na moja. Kisha alinipa ufunguo na kuniambia, "Mwoshe mdogo wako miguu, msinisubiri kula." Halafu akarudi ndani. Wote walirudi ndani, wakapiga pasi mpaka saa mbili usiku, lori la hoteli lilipofika.

Utaratibu huo ulianza kwa wema. Hapo mwanzo, kengele ikilia, kila mtu alijipigia kadi yake kwa mazoea ya siku zisizo na saa za ziada, foleni ikawa ndefu, kazi ikasimama. Mama akasema, "Nipeni mimi, nina mkono mwepesi." Msimamizi wao alifurahi mno. Kina mama walimwita Bwana Lazima, maana hawezi kuongea bila kulitia neno hilo. Alimsifu mama mbele ya watu: "Huyu ndiye mfanyakazi. Lazima mumwige." Kumbe alikuwa akimvika kilemba cha ukoka.

Mama alizikubali saa za ziada kwa sababu ya paa letu. Lilikuwa limetoboka juu ya kitanda. Mvua ya kwanza ilitukuta tumelala, ya pili tulikesha tumekaa, beseni likiwa katikati yetu kama mgeni. Mvua kubwa zilikuwa njiani. Bwana Lazima aliahidi kulipa ovataimu yote kwa pamoja baada ya miezi mitatu, na mama alishakwenda dukani kuulizia bei ya mabati.

Siku ya malipo alirudi na karatasi yake, akaiweka mezani. Niliisoma. Mshahara ulikuwa uleule. Mbele ya saa za ziada palikuwa na sifuri.

"Labda wamesahau," mama alisema.

"Miezi mitatu, mama? Na wenzako?"

"Wote ni hivyo hivyo."

Niliisoma tena karatasi ile. "Hapa wameandika unaingia saa mbili asubuhi, unatoka saa kumi na moja jioni. Kila siku. Nani kawaambia unatoka saa kumi na moja?"

Mama akautazama mkono wake wa kulia.

"Mimi," alisema polepole. "Nimewaambia mimi, kwa mkono wangu huu. Na wenzangu nimewasemea."

Nilikasirika hadi masikio yakaniwaka. Mtu anakula jasho la mama yangu, anaona kwa macho yake watu wanapiga pasi usiku, na bado anamchekea na kumwita mfanyakazi wa mfano. Sikula chakula siku ile.

Kesho yake ilikuwa siku ya kwanza ya likizo, nikaandamana na mama. Aliongozana na Bi Mvuke, mwendesha pasi kubwa, mwanamke asiyemumunya maneno. Bwana Lazima alitusikiliza huku akichokonoa meno.

"Kadi haina ndugu," alisema. "Imesema mmeondoka saa kumi na moja. Lazima niifuate kadi."

"Na baada ya hapo nani alipiga pasi?" Bi Mvuke aliuliza.

"Hilo mimi silijui."

"Aliyepiga pasi humjui, ila malipo ya hoteli unayapokea."

Bwana Lazima alitufungulia mlango tutoke. Tulitoka, lakini hatukwenda nyumbani. Tulikwenda ofisi ya kazi.

Afisa kazi alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya chini. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sheria haihesabu kadi. Inahesabu kazi. Kadi ni shahidi, na shahidi anaweza kusema uongo. Hakuna mwingine aliyewaona mkiwa kazini usiku?"

Nikakohoa kidogo. "Samahani, afisa. Dereva wa lori la hoteli huwakuta pale kila siku."

Afisa alitabasamu. Akatueleza kwamba kwa sheria ya nchi, kazi ya kawaida ni saa nane kwa siku, ukiondoa saa moja ya chakula cha mchana. Ukizidisha, kila saa ya ziada hulipwa kama saa moja na nusu.

Nyumbani, mama alisumbuliwa na hiyo nusu. Nikachukua vibanio vya nguo vya mbao. Nikampangia vitatu mezani, saa tatu zake za ziada. Kisha nikavunja vingine, maana kibanio ukikitoa waya hutoka nusu mbili, nikaweka nusu moja chini ya kila kibanio kizima. Mama akahesabu kwa kidole: nne na nusu. Alirudia mara kadhaa, kisha akavitia vyote mfukoni.

Siku mbili baadaye afisa kazi alifika kazini kwao pamoja na dereva. Nami nilikuwepo, kama kawaida yangu, mlangoni.

"Mimi napakia mashuka saa mbili usiku," dereva alisema, "na yananiunguza mikono. Tangu nizaliwe sijaona shuka likijipiga pasi."

Kina mama walicheka. Bwana Lazima hakucheka. Alijifuta jasho, akasema, "Basi, lazima tuelewane. Nitawalipa saa tatu kwa kila siku, mambo yaishe."

Baadhi yao walianza kuitikia kwa kichwa. Nilitaka kupiga kelele, lakini mama alinitangulia. Alisogea mbele, akatoa vibanio mfukoni, akavipanga juu ya meza ya Bwana Lazima, vizima juu na nusu chini.

"Saa tatu za ziada hulipwa nne na nusu," alisema. "Hesabu mwenyewe."

Bwana Lazima alimtazama afisa. "Hesabu," afisa alimwambia. Akahesabu.

Kisha afisa akawageukia kina mama. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mmedhulumiwa na mtalipwa. Lakini na ninyi msirudie. Kumpigia mwenzako kadi ni kusema uongo, hata kama una nia njema, na uongo wenu ndio uliompa huyu upenyo. Mtu ajue sheria inayomlinda, ahesabu saa zake, na kadi yake aipige mwenyewe anapoondoka."

Walilipwa. Mafundi walishuka kutoka kwenye paa letu siku moja kabla ya mvua kubwa.

Shule zilipofunguliwa nilipitia tena kuchukua ufunguo. Kengele ya saa kumi na moja ikalia. Bi Mvuke, kwa mazoea, akamnyooshea mama kadi.

"Mkono wako umevunjika?" mama alimuuliza.

Bi Mvuke alicheka, akairudisha kadi mfukoni. Hakuna aliyeigusa mashine. Mama alinipa ufunguo, akaniinamia.

"Mwanangu, mwenzako akilemewa na mzigo, msaidie kuubeba. Lakini ukweli wake usimsemee. Mwache aseme mwenyewe."

Kisha akarudi kwenye pasi, na safari hii saa zilikuwa zinahesabiwa.