Hodi ya Rahma

Kornelia alikuwa anachambua maharage sebuleni, mvua ikipiga bati, aliposikia hodi nyuma ya pazia la mlango. Ilikuwa sauti ya Rahma, mtoto wa jirani, ile ya kuvuta mwisho wa neno kama anaimba.

"Karibu, mama," aliitika bila kuinua macho. Mdomo ulitangulia akili. Maharage yalikuwa yameshamdondoka mkononi alipokumbuka kwamba Rahma walimzika Ijumaa.

Pazia lilijisukuma kidogo, likarudi. Hakuonekana mtu. Ila chumba kilijaa harufu tamu ya kuoza, kama ndizi zilizosahauliwa mfukoni. Hope, binti yake wa pekee, aliyekuwa anachora sakafuni, akashika koo na kumeza mate kwa shida.

"Mama, nani kaingia?"

"Hakuna mtu. Endelea kuchora."

Kulipokucha sauti ya Hope ilikuwa imekauka. Kornelia akakimbilia kwa Mariamu, mama yake Rahma, ambaye hakuhitaji kuelezwa mengi.

"Umeitikia?" alinong'ona Mariamu.

"Nimeitikia, Mama Rahma. Nilisahau."

"Hata mimi nilisahau. Tulipotoka msibani kule Mutuka, kumzika yule mtoto Sele, nilimsikia Sele huyohuyo anapiga hodi hapa. Nikasema karibu." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Jini hili linakuja na sauti ya yule liliyemaliza naye. Ukiitika tu, umelifungulia."

Gari la matangazo lilipita mtaani kwao Singe likisema ni ugonjwa wa dondakoo, watu wasichangie vikombe, wasijazane misibani, watoto wapelekwe kuchanjwa. Watu walisikia. Lakini maneno ya Mariamu yalishatangulia, na mtaa mzima ukashika moja tu: usiitike hodi. Mtaa ambao huwezi kupita mlango wa mtu wakati wa chakula bila kuitwa, leo ulinyamaza, makomeo yamefungwa mchana kweupe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; mgeni huyu alikuja wenyeji wafe.

Elimringi, mume wa Kornelia, alikuwa machimboni Mirerani. Kwenye simu alisema neno moja: "Usimfungulie mtu mpaka nifike."

Shingo ya Hope ikavimba hadi ikalingana na mashavu. Kornelia alipomulika kooni kwa simu aliona utando wa kijivu umetanda, kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Alitaka kumbeba akimbie naye. Lakini kila aliposhika komeo, ile hodi ya Rahma ilikuwa nje inatembea mlango hadi mlango, akaliachia. Ndani kuna harufu, nje kuna sauti. Angeenda wapi?

Kesho yake adhuhuri ikaja hodi nyingine, ya mwanamume.

"Hodi! Mimi Damiani, muuguzi, tunapita nyumba kwa nyumba. Kuna mgonjwa humu?"

Hakuna nyumba iliyojibu. Kornelia alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukibana mlango, kiganja chake juu ya midomo ya Hope ili mtoto asije akaitika, akasikia hodi ya pili, na ya tatu, ambayo mstaarabu asipoitikiwa huondoka zake, akasikia viatu vikigeuka kwenye matope, na chini ya kiganja akaisikia pumzi ya mwanawe ikikoroma, ikakatika, ikarudi kidogo, ikakatika tena, na hapo ndipo kichwa chake, ambacho woga ulikuwa umekifunga kuliko mlango, kilipofunguka: jini alishalikaribisha mwenyewe, limo humu ndani, na aliyekwisha kuingia hapigi hodi.

"Karibu," alisema, akavuta komeo. "Karibu, kaka yangu, usiondoke, karibu."

Damiani alimtazama mtoto koo mara moja tu, akambeba mwenyewe hadi kwenye bajaji. Hospitalini Hope alichomwa sindano, akawekewa hewa. Taratibu utando ukaachia, na pumzi iliyokuwa inakoroma ikatulia. Kornelia alilia kwa furaha mbele za watu, bila aibu.

Sauti ndiyo haikurudi. "Itarudi polepole," alisema Damiani. "Koo limeumia."

Waliporuhusiwa kurudi Singe, milango ilikuwa imeanza kufunguka. Hodi ya Rahma haikusikika tena, na watu wakasema jini limefukuzwa na sindano. Kornelia aliamini, kwa kuwa alitaka kuamini.

Jioni akaja Mama Hanifa wa nyumba ya mbele, amemshika bintiye mkono, na sukari ya kumpa pole mgonjwa. Yeye alikuwa Kondoa kwa dada yake tangu kabla ya misiba, amerudi siku hiyohiyo, na hakuna aliyekumbuka kumwonya.

"Pole, Mama Hope. Nasikia mmeuguza."

"Asante. Tumeshapona."

"Nimeona. Na huyu binti yako ana adabu jamani. Kaja kupiga hodi kwangu sasa hivi, kasauti kazuri, nikamwambia karibu mwanangu. Kutoka nje, simwoni."

Kornelia aligeuka. Hope alikuwa amelala godoroni, macho wazi, midomo imefungwa, anatikisa kichwa kukataa.

Nyuma ya kanga ya mama yake, Hanifa mdogo alimeza mate, akakunja uso, akameza tena.